Keki Aliyolishwa Nahodha

Kaveke alikuwa amejitayarisha kwa mengi siku ile ya kuletewa mbuzi, lakini hakujitayarisha kuulizwa kama ameshaolewa.

Na aliyeuliza hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Mama Kiema mwenyewe, mama wa mwanamume aliyekuja kumposa, amekaa kwenye kochi la heshima sebuleni kwa Mzee Nyamai, baba yake Kaveke, sahani ya muthokoi wa mahindi na maharagwe mapajani, kitenge chake kipya bado kina mikunjo ya dukani. Alimaliza kutafuna. Akafuta midomo kwa leso. Akatoa simu mkobani, kisha akasema kwa upole wa mtu anayeomba chumvi:

"Kabla hatujafika mbali, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Huyu mzungu ni nani?"

Nje, chini ya mparachichi, mbuzi watatu waliopanda pikapu kutoka Kambu, kwao wageni, alfajiri walikuwa wanalia, maana hata wao walikuwa wamechoka kungoja.

Hao mbuzi ndio waliokuwa shughuli yenyewe. Ntheo, Wakamba huiita. Harusi ya kanisani unaweza kuichelewesha, pete unaweza kuipoteza kwenye beseni la vyombo, lakini mwanamke ambaye mbuzi wake wa ntheo hawajaliwa, azae watoto wangapi, bado ni binti wa kwao. Na katika ukoo wa Mzee Nyamai mbuzi hawachinjwi hivi hivi. Baba humwita binti mbele ya wote, akamuuliza waliwe au wasiliwe, na binti hujibu kwa mdomo wake. Kaveke alikuwa amelingoja swali hilo kwa miaka. Alikuwa amefika umri ambao watu wa kwao Mbooni huacha kukuuliza utaolewa lini, wakaanza kukuombea tu kimyakimya, na yeye alikuwa amechoka kuombewa.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kwenye video alionekana Kaveke amevaa nyeupe tupu, koti jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Kando yake mzee wa kizungu, suti nyeusi, tai ya kipepeo. Mbele yao keki ya ghorofa. Wameshika kisu kimoja, mikono miwili juu ya mpini mmoja, wakakata, watu wakapiga makofi. Halafu yule mzee akachukua kipande kwa vidole vyake akampelekea Kaveke mdomoni, na Kaveke, jamani, akafungua mdomo akala.

Sasa wewe msomaji uliye mbali unaweza kusema keki ni keki. Haya, nenda ukaseme hivyo Kambu. Nguo nyeupe, suti nyeusi, kisu kimoja, kulishana na makofi: kwa watu wanaohudhuria harusi ya kanisani kila Jumamosi ya Desemba, hapo kinachokosekana ni mchungaji tu, naye labda amesimama nyuma.

"Amelishwa," Mama Kiema akasema. "Video imefika mpaka kwa kwaya yetu. Kwetu mtu halishwi keki na asiye wake."

"Polepole, Mama Kiema," akasema Mzee Mutiso, kaka wa marehemu baba yake Kiema, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wageni. "Hii ni maneno ya kuulizwa vizuri. Mimi nilielezwa huyu msichana anaendesha boti. Sasa mambo ya keki kwa boti yanatoka wapi?"

"Boti ni zile za kuvulia samaki bwawa la Masinga," shangazi Mutindi akajibu kutoka mlangoni. Huyo Mutindi ni dada wa Mzee Nyamai, na ulimi wake haujawahi kupumzika. "Meli ya mtoto wetu ukiiweka hapa, mkia unakuwa kwa huu mparachichi na kichwa kiko sokoni. Ina watu wengi kuliko lokesheni yenu. Na yeye ndiye nahodha, si mtu wa kufagia."

"Tumesikia ni nahodha. Tunauliza analishwa na nani."

Kaveke aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia la korido, pamoja na wanawake, alikopaswa kungoja mpaka aitwe. Wakamba wana kitu kinaitwa nthoni, ile haya ya kuheshimu wakwe: macho chini, sauti chini, maneno machache. Mama yake, Syokau, alimshika mkono. "Tulia, mwanangu. Baba yako atajibu."

Lakini Baba alikuwa hajui jibu. Na aliyelijua alikuwa amekaa palepale sebuleni, kati ya mama yake na ami yake, ndani ya suti ya kijivu, anaangalia ncha za viatu vyake.

Kaveke akafungua pazia akatoka.

Hakutazama wazee. Alimtazama Kiema. Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyomtazama mara ya kwanza Kambu, siku aliyokuwa anatoka Mombasa kwa likizo akasimama kwenye duka la dawa za mifugo kununulia baba yake mitego ya nzi wa maembe. Mwenye duka alimfungia ile mitego kwa karatasi, akamuuliza anafanya kazi gani, na alipoambiwa hakucheka wala hakusema "wacha mchezo". Aliuliza tu, "Na ukigeuza meli, inachukua muda gani kugeuka?" Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza Kaveke swali zuri hivyo. Aliondoka Kambu na mitego na namba ya simu, akafika Mbooni anatabasamu peke yake, mpaka mama yake akadhani ana homa.

Baadaye, yeye akiwa baharini na Kiema dukani, alimfundisha sheria moja ya chumba cha usukani. Nahodha akitoa amri, mshika usukani lazima airudie kwa sauti. "Kushoto kumi." "Kushoto kumi." Asiporudia, ni kama amri haikutolewa. Na nahodha akishaona meli inageuka kweli, anafunga kwa neno moja: vyema. Ikawa ndiyo njia yao ya kupendana. "Nimekukumbuka," Kaveke husema kwenye simu. "Umenikumbuka," Kiema hurudia. "Vyema." Wote wawili wakiwa watu wazima na miwani ya kusomea, wakicheka kama watoto wa shule.

Sasa alimtazama, na Kiema hakuinua macho.

"Shikamoo, mama," Kaveke akamwambia Mama Kiema. Hakukaa.

"Marahaba. Keti, mwanangu."

"Nitasimama, mama, kama utanikubalia. Umeuliza swali, na mimi sitaki kulijibu nusu. Nikueleze siku hiyo yote, tangu asubuhi?"

"Mimi sina haraka. Mbuzi bado wamefungwa."

Mzee Nyamai alimwangalia binti yake, akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Huyo ni mzee wa maneno machache. Angeweza kupitisha msimu mzima wa maembe bila kumaliza sentensi kumi.

"Siku hiyo tulikuwa bahari ya kaskazini, karibu na Norwe," Kaveke akaanza. "Kazi yangu mimi huanza kabla jua halijatoka. Naingia chumba cha usukani, naulizia upepo, naulizia ukungu, natazama njia. Siku hiyo kabla sijakunywa chai daktari wa meli akanipigia. Mpishi wetu mmoja, kijana Mfilipino anayetupikia maharagwe nikimwomba, alikuwa ameanguka jikoni. Moyo."

"Aiya," akasema Syokau kutoka kwa pazia.

"Hospitali ya meli haikumtosha. Ikabidi niamue. Nikiendelea na safari, wageni watafika bandarini kwa wakati na watafurahi. Nikigeuza, tutachelewa na wengine watanitukana, lakini helikopta itaweza kutufikia. Nikageuza. Kulikuwa na ukungu, mama. Helikopta inataka kushusha mtu kwa kamba juu ya meli na wewe huoni hata taa yake. Nilisimama pale na redio mkononi mpaka wakamchukua."

"Alipona?" Mzee Mutiso akauliza. Alikuwa amesahau muthokoi wake.

"Nitafika hapo, mzee. Baada ya hapo siku haikusimama. Mikutano. Mazoezi ya dharura. Kukagua jikoni, na wale wapishi wenzake wote wananiangalia machoni, wanataka niwaambie neno na mimi sina. Adhuhuri nikazungumza na meli nzima kwa kipaza sauti, nikaeleza kwa nini tumegeuka. Halafu jioni ikafika, na jioni hiyo ilikuwa ya mavazi rasmi."

"Hapo ndipo tunataka," akasema Mama Kiema.

"Hapo ndipo naenda. Jioni ya mavazi rasmi, mama, nahodha hana ruhusa ya kuwa mgonjwa, hana ruhusa ya kulia, hana ruhusa ya kuonekana amechoka. Nikishuka ngazi na uso umekunjamana, watu elfu wataanza kuulizana kama meli inazama. Kwa hiyo unaoga, unavaa hilo koti jeupe unaloliona, unasimama chini ya ngazi na kusalimia kila mmoja. Si kwa mkono, maana mmoja akiwa na tumbo la kuhara meli nzima italipata. Ni kugusana ngumi hivi. Picha na huyu, picha na yule. Tunainua glasi. Yangu ni ya maji ya nanasi, na hata Mchungaji akitaka aulize. Nakaa mezani na wageni, nawauliza wajukuu wao wanaitwa nani, na simu ya chumba cha usukani iko mfukoni. Jioni hiyo niliitwa supu ikiwa bado moto. Ukungu tena. Nikapanda juu na koti langu jeupe, nikasimama hapo mpaka ukapungua, nikarudi, nikakuta nyama imepoa na watu wanangoja nikate keki."

"Ya harusi," akasema Mama Kiema.

"Ya ndoa iliyomaliza nusu karne. Mama, rudisha hiyo video, uongeze sauti."

Mama Kiema alisita, lakini Mzee Mutiso akaichukua simu akaongeza sauti mwenyewe. Makofi yakasikika. Na juu ya makofi, karibu kabisa na simu, kicheko cha mwanamke mzee, kisha maneno ya kizungu yasiyo Kiingereza.

"Huyo anayecheka ni nani?" Kaveke akauliza.

Mzee Mutiso akasogeza simu sikioni.

"Ni mke wake. Ndiye anayepiga hiyo picha. Angalieni inavyotetemeka. Mikono yake ina ugonjwa wa kutetemeka, hawezi kushika kisu, alikuwa anaogopa kujikata mbele ya watu. Akaniomba nishike kwa niaba yake. Na anachomwambia mumewe hapo ni, 'Mlishe, mlishe nahodha, hajala tangu asubuhi.' Aliona sahani yangu. Katika watu wote wa meli ile, ni yeye aliyeona sijala."

Video ikaisha. Shangazi Mutindi akajipangusa jicho kwa upande wa khanga, kisha akajifanya ni moshi.

"Na nilipokuwa nafungua mdomo nilishwe, mama, nilikuwa bado sijui kama yule mpishi ni mzima au ni maiti. Habari zilifika baadaye kwamba amepona. Nikaenda chumbani kwangu, nikavua koti, nikampigia mtu mmoja simu, nikalia. Nikamweleza yote. Mpishi, ukungu, yule bibi, keki. Nilipofika kwa keki alicheka sana, akasema, 'Mwambie huyo mzee amenitangulia.' Mama, unajua nilimpigia nani?"

Mama Kiema hakuwa mjinga. Akamgeukia mwanawe taratibu.

"Kiema. Ulikuwa unajua?"

Kiema akalegeza tai. Alikuwa mwanamume mzuri, huyo Kiema, mpole, mjane aliyemuuguza mke wake wa kwanza kwa miaka bila kulalamika, na Kambu nzima ilimpenda. Lakini upole nao una siku zake za kumkosea mtu. Alipangusa jasho kwenye paji la uso.

"Mama, hii maneno tungeongea nyumbani," akasema.

"Nyumbani umekaa wiki nzima unaniangalia nikilia kwa sababu ya hii video," Mama Kiema akasema. "Ukaniambia nini? Ukaniambia nisijali, kwa sababu..."

"Kwa sababu gani, mama?" Kaveke akauliza.

Mzee Mutiso akadhani anasaidia. Alijiinua kitini, akatabasamu kama mtu aliyebeba habari njema. "Aa, sasa tusirudi nyuma. Hiyo tulishaimaliza. Kiema alitueleza kwamba wewe mwenyewe umekubali kuacha hiyo kazi. Hata nafasi imepatikana Kitui, chuoni, ya kufundisha hesabu. Mtajenga hukohuko Kitui, mtoke Jumapili mwende kanisani kama watu wengine. Ndiyo sababu tumekuja na roho safi. Kwa hivyo keki ni keki, tuachane nayo, mbuzi waliwe tu."

Kaveke hakusikia vizuri maneno ya mwisho. Nafasi Kitui. Umekubali. Alikuwa amekubali lini, na kwa mdomo upi?

"Kiema," akasema, "mimi nimekubali kuacha kazi?"

"Kaveke, niangalie."

"Nakuangalia tangu nimetoka kwa hilo pazia. Wewe ndiye hujaniangalia."

Kiema akainua macho. Ni macho yaleyale ya Kambu, na hilo ndilo lililomuuma Kaveke zaidi, kwamba alikuwa bado anayapenda. Angependa sana yangekuwa yamebadilika, angekasirika kwa raha.

"Nilitaka siku ya leo ipite salama," Kiema akasema. "Mama alikuwa amekataa kuja. Alisema hapandi mlima huu kuposa mke wa mtu. Nikaona nikianza kueleza mambo ya meli hataelewa. Nikasema tu utaacha. Nikajua wewe na mimi tutakaa tuongee, tutapata njia."

"Tutakaa lini?"

"Baadaye."

"Baada ya nini, Kiema?"

Kila mtu ndani ya ile nyumba alijua jibu. Baada ya mbuzi kuliwa. Baada ya Kaveke kuwa mke wa watu, na neno lililosemwa mbele ya wazee likawa neno lake, atake asitake.

"Ulitaka unifunge kwanza," Kaveke akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo mabaharia wake wanalijua na huliogopa kuliko kelele, "ndipo uniambie kamba ni ya nini. Mama yako amenishuku, lakini amekuja akaniuliza mbele ya watu. Mimi namheshimu kwa hilo. Wewe ulijua ukweli wote ukaukalia. Umeniacha niitwe mke wa mzungu kwa kwaya nzima, mradi mbuzi wafike. Na ukaniondoa baharini bila kunipigia hata simu. Mimi niliyekuwa nakupigia kabla sijavua viatu."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu," Mzee Mutiso akasema kwa upole. "Wewe ulikuwa huko mbali. Wanaume waliamua."

"Sasa nipo, mzee."

Shangazi Mutindi akaguna kwa kuridhika.

"Hata mimi siwezi kunyamaza," akasema Mama Kiema. Uso wake ulikuwa umelainika kidogo tangu kile kicheko cha bibi wa kizungu, lakini hakuwa amekuja Mbooni kulainika. "Huyo mzee na mkewe nimewaelewa. Nakuomba msamaha kwa hilo, na kwaya nitaiambia mwenyewe. Lakini mwanangu alishazika mke mmoja. Alikaa nyumba ile peke yake mpaka nikaogopa. Sasa aoe mwingine ambaye miezi na miezi yuko kwa maji? Atapikiwa na nani? Akiugua atashikwa mkono na nani? Mimi ni mama. Niambie ningefurahi vipi."

Hilo lilikuwa swali la haki, na Kaveke aliliona. Kwa dakika moja alijiona Kitui, ubao mweupe, kalamu mkononi, jioni anamngoja Kiema mlangoni. Haikuwa picha mbaya. Shida ni kwamba haikuwa yake.

"Mama, hilo ungeniuliza mimi ningekujibu. Tungebishana, pengine tungekosana, lakini ningekujibu. Sasa limeshajibiwa na mtu mwingine kwa jina langu."

Mzee Nyamai akakohoa. Watu wote wakamgeukia. Alisimama, akanyoosha koti lake, akasema Kaveke asogee karibu. Akasogea.

"Kaveke," akasema. "Hawa watu wameleta mbuzi. Mimi sina swali la Kitui, sina swali la keki. Nina swali moja, na ndilo baba yangu alimuuliza Mutindi hapa. Hawa mbuzi tuwale, au tusiwale?"

Hata mbuzi wenyewe walinyamaza, au ndivyo Mutindi anavyosimulia.

Kaveke alimpenda Kiema. Msomaji asidanganyike kwa hasira yake. Alimpenda kiasi kwamba neno "wasiliwe" lilikuwa limekaa ulimini na lilikataa kutoka, na neno "waliwe" lilikuwa limekaa kando yake na lenyewe likakataa. Akikubali, amekubali na uongo uliokuja na mbuzi. Akikataa, amemfukuza mtu pekee aliyewahi kumuuliza meli hugeuka kwa muda gani.

"Kiema, simama," akasema.

Kiema akasimama.

"Kaveke hataacha bahari."

Mzee Mutiso akatazama huku na huku, hakuelewa. Mama Kiema hakuelewa. Lakini Kiema alielewa. Uso wake ukabadilika. Akatazama mama yake, akatazama ami yake.



"Kaveke hataacha bahari," Kiema akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akairudia kwa nguvu zaidi, akimwangalia mama yake. "Kaveke hataacha bahari, mama. Hakuwahi kusema ataacha. Niliyesema ni mimi, na sikumuuliza. Na habari ya keki niliijua tangu siku ileile. Nikakuacha ulie kwa sababu niliogopa kukwambia hilo lingine."

Mama Kiema aliweka simu mkobani, akafunga zipu polepole. "Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimewaaibisha wote wawili."

Kaveke alitaka kusema lile neno lao la kufungia amri. Lilikuwa pale karibu, tamu, na mkono wake ulikuwa unataka kwenda wenyewe kwenye shavu la yule mwanamume. Lakini alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kujifunza kwamba mshika usukani anaweza kurudia amri vizuri kabisa na meli isigeuke. Nahodha anangoja aone.

"Baba," akasema, "jibu langu ni kwamba wasiliwe leo. Warudi Kambu. Kiema awatunze yeye mwenyewe, si kijana wa dukani. Mimi napanda meli wiki ijayo, nashuka Desemba. Nikishuka, kama bado anataka, aje nao hapa, aseme hayohayo aliyosema sasa, mbele ya hawahawa. Hapo utaniuliza tena."

"Haijawahi kutokea," Mzee Mutiso akalalamika. "Mbuzi wa ntheo kurudishwa ati wakangoje? Mzee Nyamai, jambo kama hili limewahi kutokea wapi?"

"Limetokea hapa," akasema Mzee Nyamai, akakaa.

Wageni hawakumaliza chai. Mama Kiema aliaga Syokau kwa heshima zote, akamshika Kaveke mkono bila kumtazama sana, akatoka na kitenge chake. Pikapu ilikuwa barabarani juu, ikiwa imegeuzwa tayari. Kiema alikwenda kwenye mparachichi, akafungua kamba moja baada ya nyingine, na suti yake ya kijivu ikapata manyoya na tope. Akaja mpaka kwenye ngazi ya baraza alipokuwa amesimama Kaveke. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna ncha ya tai yake.

"Niwatunze mimi mwenyewe," akasema. "Nije nao Desemba. Niseme yaleyale, mbele ya watu walewale."

Kaveke akamtazama tu. Kiema akangoja, akaona lile neno halitoki, akainamisha kichwa na kuondoka.

Getini mama yake alikuwa amesimama, mkoba kifuani. "Hao waache hapohapo," akamwambia, na hakujali nani anasikia. "Mimi sipandi gari moja na mbuzi waliokataliwa. Njia yote mpaka Kambu, watu watatuona. Waache, tupande twende."

Kiema alisimama na zile kamba mkononi. Kaveke aliona mabega yake, aliona kisogo chake, hakuona uso. Aliyajua vizuri mabega hayo. Kila mara mama yake aliposema neno, yalishuka, na Kiema akafuata. Ndivyo ilivyokuwa wiki nzima iliyopita, ndivyo ilivyokuwa leo mpaka aliposimamishwa.

"Basi, mama, utangulie na Mzee Mutiso," Kiema akasema. "Mimi nitashuka nao kwa miguu mpaka lami, nitafute gari huko chini."

"Na hiyo suti? Kwa huo mteremko?"

"Kwa huo mteremko, mama."

Akafungua geti kwa kiwiko, akawapitisha mbuzi mmoja mmoja, akashika njia ya chini iliyo na mawe, yeye mbele na wao nyuma, huku watoto wa majirani wakitoka kwenye mahindi kuja kuona mwanamume wa suti anayerudi na mbuzi wake. Alijikwaa mara moja. Hakugeuka kuangalia nani anamcheka.

Kaveke alimfuata kwa macho mpaka alipofika kwenye kona ya njia.

"Vyema," akasema.

"Unasema?" akauliza shangazi Mutindi, aliyekuwa nyuma yake na sikio lake.

"Sijasema na wewe, shangazi."